Kuchagua Hedifoni za Kupunguza Kelele: Kipimo ni Sauti Unayoweza Kuishusha

Jicho lina kope, na mtu asiyetaka kuona hulifumba. Sikio halikujaliwa mlango wa namna hiyo. Usiku na mchana, tukiwa macho au tumelala, hupokea kila linaloletwa na hewa: muungurumo wa daladala, feni ya ofisini, jenereta ya jirani umeme unapokatika, redio ya duka lililo ng'ambo ya barabara. Mtu anayetaka kusikiliza somo, taarifa ya habari, kaswida au kwaya katikati ya kelele hizo ana njia mbili tu: kupunguza kelele, au kupandisha sauti ya anachokisikiliza mpaka iishinde. Wengi hufuata njia ya pili kwa kuwa ni rahisi na haina gharama siku hiyo. Gharama yake huja baadaye, nayo hulipwa kwa seli ambazo mwili hauziotishi tena.

Hedifoni zisizo na waya zenye uwezo wa kupunguza kelele zimetengenezwa ili kuifanya njia ya kwanza iwezekane. Siku hizi zinapatikana katika maduka makubwa na kwenye meza za wachuuzi wa Kariakoo, na bei zake hutofautiana mno. Mnunuzi hukutana na herufi, tarakimu na sifa nyingi zilizochapwa kwenye boksi, na mara nyingi huishia kuchagua kwa rangi au kwa jina la kampuni. Makala haya yanapendekeza kipimo kimoja kilicho juu ya vingine vyote: hedifoni njema kwa afya ni ile inayomwezesha msikilizaji kushusha sauti na bado akaelewa anachokisikiliza.

Kinachoharibika ndani ya sikio

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo huingia katika mfereji wa sikio, hugonga kiwambo, kisha husafirishwa na mifupa mitatu midogo mpaka kwenye koklea, mrija uliojikunja mithili ya gamba la konokono na kujaa majimaji. Ndani ya koklea kuna takribani seli 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Majimaji yanapotikisika, vinyweleo huinama, na kuinama huko hugeuzwa kuwa ishara ya umeme inayopelekwa kwenye ubongo. Huko ndiko kusikia.

Sauti kubwa inayodumu huzichosha seli hizi. Zikipata mapumziko mapema, nyingi hurejea katika hali yake. Ndiyo maana mtu aliyetoka kwenye muziki mkubwa husikia kama amezibwa pamba, na asubuhi yake hujiona amepona. Zikichoshwa mara kwa mara, hufa. Ndege na samaki wana uwezo wa kuotesha seli mpya za namna hii. Binadamu hana, na hakuna dawa wala upasuaji unaozirudisha zilizokufa.

Uharibifu huu huanza kimyakimya. Seli za mwanzo kuathirika kwa kawaida ni zile zinazopokea sauti nyembamba, zenye masafa ya hezi 3,000 hadi 6,000. Irabu, ambazo zina sauti nzito zaidi, huendelea kusikika vizuri, lakini konsonanti kama s, f na sh huanza kufifia. Matokeo yake ni kwamba mtu husikia kuwa ameambiwa jambo, lakini hatofautishi "fika" na "shika", wala "sindano" na "shindano". Huwalaumu wenzake kuwa wananong'ona. Huuliza mara mbili, kisha huona haya kuuliza mara ya tatu. Kwa mwanafunzi, hali hiyo humaanisha somo lililopita pembeni. Kwa mgonjwa, maelekezo ya dawa yaliyosikika nusu.

Hesabu ya sauti na muda

Madhara ya sauti hutegemea mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wake na muda wa kuisikiliza. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) wamekubaliana juu ya kiwango cha usalama kwa vifaa vya kusikilizia: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa juma, kwa watoto, desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati inayoingia sikioni huongezeka maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Hivyo, kwa mtu mzima, desibeli 83 zina saa 20 kwa juma. 86 zina saa 10. 89 zina saa 5. Na 92 zina saa mbili na nusu tu.

Tuchukue mfano wa mtumishi wa Dar es Salaam anayetumia saa moja kwenda kazini na saa moja kurudi, siku tano kwa juma. Jumla ni saa 10. Ikiwa kelele za gari zinamlazimu kusikiliza kwa desibeli 92, mgao wake wa juma zima unakwisha katikati ya safari ya asubuhi ya Jumanne, na safari zote zinazofuata ni deni. Ikiwa kelele zitapunguzwa kiasi cha kumwezesha kusikiliza kwa desibeli 80, saa zake 10 zinakuwa robo tu ya mgao. Desibeli 12 zilizoshushwa zimeongeza muda salama mara kumi na sita. Hapo ndipo thamani ya kifaa hiki ilipo.

Suala hili si dogo. Katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu duniani, WHO ilikadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya mazoea ya kusikiliza yasiyo salama, hatari ambayo inaweza kuepukwa kabisa.

Namna kelele inavyozimwa kwa sauti

Wazo la kuzima sauti kwa sauti ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya wazo hilo nchini Marekani mwaka 1936. Teknolojia ya wakati ule haikutosha kulitekeleza. Mwaka 1978, Amar Bose, profesa wa Marekani, alikuwa safarini ndani ya ndege kutoka Ulaya, akaona jinsi muungurumo wa injini unavyoumeza muziki wa hedifoni alizopewa, akaanza kupiga hesabu za kuuzima. Kampuni yake iliingiza sokoni hedifoni za marubani zenye uwezo huo mwaka 1989.

Utendaji wake ni huu. Sauti husafiri kama wimbi lenye vilele na mabonde ya mgandamizo wa hewa. Maikrofoni ndogo zilizomo kwenye hedifoni huipokea kelele ya nje, na chipu iliyo ndani huunda wimbi la kinyume chake: penye kilele huweka bonde, penye bonde huweka kilele. Mawimbi hayo mawili yanapokutana kwenye mlango wa sikio, hufutana. Kinachobaki ni kelele iliyopungua na sauti ya kile unachokisikiliza.

Kazi hiyo hufanyika vizuri pale kelele inapokuwa nzito na isiyobadilikabadilika, hasa chini ya hezi 1,000: injini ya basi, ndege, feni, kiyoyozi, jenereta ya mbali. Kwa sauti za aina hiyo, hedifoni bora huweza kupunguza desibeli 20 au zaidi. Sauti nyembamba na za ghafla, kama honi, mluzi wa konda, kilio cha mtoto au sufuria iliyoanguka, hubadilika haraka kuliko chipu inavyoweza kuzifuata. Hizo huzuiwa na kitu cha kawaida kabisa: mto wa hedifoni unaofunika sikio, au kipira kinachoziba mfereji wake. Kwa hiyo hedifoni hizi zina kinga mbili, ya kielektroniki na ya kuziba, na kila moja hufanya kazi ambayo nyenziwe haiiwezi. Mto ukiacha mwanya, kelele nzito ndiyo ya kwanza kupenya, na kazi ya chipu nayo huvurugika.

Kusoma maandishi ya boksi

Herufi mbili zinazofanana huwapoteza wanunuzi wengi. ANC ndiyo alama ya uzimaji wa kelele kwa ajili ya masikio ya mvaaji. ENC ni jambo jingine: husafisha sauti inayopokewa na maikrofoni wakati wa kupiga simu, ili mtu wa upande wa pili akusikie vizuri. Hedifoni yenye ENC peke yake haimpunguzii mvaaji kelele hata kidogo. Bidhaa nyingi za bei nafuu huandika ENC kwa herufi kubwa, na mnunuzi huondoka akiamini amepata alichokikusudia.

Tarakimu ya desibeli inayotangazwa nayo isomwe kwa tahadhari. Ikiandikwa kuwa kelele hupungua kwa desibeli 40, mara nyingi hicho ni kiwango cha juu kabisa kilichopatikana katika masafa fulani, ndani ya chumba cha majaribio. Haina maana kwamba kelele zote za mtaani zitapungua kiasi hicho.

Muda wa betri uulizwe kwa namna mbili: uzimaji wa kelele ukiwa umewashwa, na ukiwa umezimwa. Boksi hupenda kutaja muda ulio mrefu zaidi. Hedifoni za kufunika masikio kwa kawaida hudumu saa nyingi kuliko zile ndogo za kuchomeka, na baadhi hukubali kuunganishwa kwa waya chaji inapokwisha. Hedifoni ambayo chaji yake huisha nusu ya safari humrudisha mvaaji kwenye mazoea yaleyale ya kupandisha sauti.

Baadhi ya wasomaji huuliza kuhusu mionzi ya Bluetooth. Mawimbi yake ni ya redio. Hayana nishati ya kuvunja vifungo vya kemikali ndani ya seli, na nguvu yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile inayotumiwa na simu yenyewe inapowasiliana na mnara. Hatari iliyothibitishwa katika hedifoni ni ukubwa wa sauti, na hapo ndipo tahadhari ielekezwe.

Umbo linalomfaa mvaaji

Hedifoni za kufunika masikio huziba vizuri bila kuingia ndani ya mfereji wa sikio. Zinamfaa anayekaa muda mrefu ofisini, maktabani au safarini. Udhaifu wake ni joto: katika hali ya hewa ya pwani, mito yake hulowa jasho, na baada ya muda ngozi yake ya bandia hubanduka. Mnunuzi aulize kama mito mbadala inapatikana. Miwani yenye vipini vinene, hijabu, kofia na misuko minene huweza kuacha mwanya kati ya mto na kichwa. Anayevaa vitu hivyo azijaribu hedifoni akiwa amevivaa.

Hedifoni ndogo za kuchomeka hubebeka kirahisi, hazileti joto na hazisumbuani na vazi la kichwa. Huja na vipira vya ukubwa mbalimbali, na kuchagua kipira kinachoenea sawasawa ni muhimu kuliko chapa ya hedifoni. Masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kuhitaji vipira vya ukubwa tofauti. Hata hivyo, zinasukuma nta ndani na kuhifadhi unyevu katika mfereji. Mwenye sikio linalotoa usaha, mwenye kiwambo kilichotoboka, au anayepata maambukizi ya mara kwa mara asizitumie kabla ya kuonana na mtaalamu wa masikio.

Watu wachache huhisi kama masikio yamegandamizwa pale uzimaji wa kelele unapowashwa. Hisia hiyo haitokani na mgandamizo halisi wala haidhuru, lakini inakera. Ni vema igunduliwe dukani. Wenye mlio masikioni nao huweza kuusikia kwa uwazi zaidi kelele za nje zinapotoweka. Kwao, hedifoni zinazoruhusu kurekebisha kiwango cha uzimaji zinafaa zaidi.

Jaribio la dakika tano

Jaribio lifuatalo halihitaji kifaa chochote zaidi ya simu. Kwanza, mnunuzi asimame mahali penye kelele ya kudumu: mlangoni pa duka linalotazama barabara, au karibu na feni kubwa. Pili, avae hedifoni na kuhakikisha zimekaa vizuri, uzimaji wa kelele ukiwa umezimwa. Tatu, afungulie taarifa ya habari au mazungumzo, kwa kuwa muziki hudanganya: mtu huufurahia hata bila kusikia maneno. Apandishe sauti taratibu mpaka aelewe kila neno, kisha akumbuke kiwango kilichoonyeshwa kwenye simu. Nne, awashe uzimaji wa kelele na kushusha sauti mpaka kiwango cha chini kabisa ambacho bado anaelewa kila neno.

Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ndiyo bidhaa anayoinunua. Ikiwa sauti imeshuka sana, hedifoni hizo zinafanya kazi. Ikiwa haikushuka, ama vipira havikuenea, ama zilizoandikwa kwenye boksi ni ahadi tupu. Jaribio hili lilinganishe angalau hedifoni mbili, za bei tofauti. Mara nyingine ya bei ya kati iliyomkaa vizuri mvaaji humpa zaidi ya ile ghali isiyomkaa. Aidha, muuzaji anayekataa jaribio la bidhaa ya maonyesho, au asiyetoa risiti na dhamana, ametoa jibu tosha kuhusu uhalisi wa bidhaa yake. Hedifoni bandia huiga umbo na jina, lakini chipu na maikrofoni haziigiki kwa urahisi huo. Nchini Tanzania, malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani.

Mahali ambapo hazifai

Hedifoni hizi zisichukuliwe kuwa vifaa vya kujikinga kazini. Fundi anayetumia msumeno wa umeme, mfanyakazi wa kinu cha nafaka na mhudumu wa jenereta kubwa wanahitaji viziba masikio au vifuniko vilivyopimwa na kuthibitishwa kwa kazi hiyo, ambavyo mwajiri ana wajibu wa kuvitoa. Kelele za mitambo hiyo zina sauti nyembamba na mapigo ya ghafla, ambayo uzimaji wa kielektroniki hauyamudu. Na kuongeza muziki juu ya kelele hiyo ni kuongeza mzigo.

Barabarani hatari ni ya namna nyingine. Dereva, mwendesha bodaboda na mpanda baiskeli hawapaswi kuzivaa. Mtembea kwa miguu anayevuka njia ya mabasi ya mwendokasi akiwa ameziba masikio amejinyima onyo la mwisho. Hedifoni nyingi zina hali ya kupitisha sauti za nje kupitia maikrofoni zake. Ni busara kuiwasha kila unaposhuka garini, na ni salama zaidi kuzivua kabisa kabla ya kuvuka.

Baada ya kununua

Kifaa kizuri kinaweza kutumiwa vibaya. Kuna wanaowasha uzimaji wa kelele na bado wakaacha sauti palepale ilipokuwa. Hao wamenunua ngao na kuiweka begani. WHO inashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka ukomo wa sauti, na baadhi huonyesha desibeli zinazoingia masikioni na jumla ya juma. Mzazi auweke ukomo huo kwenye simu anayoitumia mtoto. Masikio yapewe mapumziko ya dakika kadhaa kila baada ya saa moja. Vipira visafishwe kwa kitambaa kikavu au chenye unyevu kidogo, na hedifoni za kuchomeka zisiazimwe.

Mlio masikioni, kuhisi yamezibwa baada ya kusikiliza, au kuanza kuwaomba watu warudie maneno ni dalili za kutafuta kipimo cha usikivu hospitalini. Mwezi Septemba 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha programu inayozifanya hedifoni za aina moja, AirPods Pro, zitumike kama kifaa cha kusaidia kusikia kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani. Hiyo ni hatua njema, lakini kifaa hicho hukuza sauti kwa ajili ya seli zilizosalia; hakirudishi zilizopotea. Kabla ya kuulizia bei, basi, mnunuzi atoke mlangoni mwa duka, awashe taarifa ya habari, na apime ni kiasi gani cha sauti anaweza kukiacha.